Halikuwa Kosa Lako Kusema

Fisksätra, Jumamosi jioni

Lidia mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, umesema saa tatu utakuwa umerudi, kwa hiyo nina kama saa moja na nusu. Nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu, lina kurasa tupu nyingi huku nyuma. Begi lako liko mlangoni. Nimelifungua mara mbili na kulifunga. Siibi kitu, naangalia tu.

Sitaandika habari za soksi za sufu. Wala chakula: unga wa ugali nimeuweka chini ya viatu, ukiukuta umeukuta. Wala wavulana. Hayo yote nimekuimbia mpaka ukaniambia, "Mama, mimi ni mtu mzima sasa," tena kwa Kiswahili, ili nisipate pa kutokea. Nataka kuandika jambo moja tu, ambalo kwa miaka kumi nimekuwa nikilikwepa. Kila nikijaribu kulisema kwa mdomo najikuta nakuuliza kama umekula.

Najua Kiswahili unakisoma polepole, midomo ikicheza. Na mimi naandika polepole, darasa la saba la kambi ya wakimbizi halikunipa mengi. Basi tutakwenda mwendo mmoja.

Unakwenda Umeå kusomea kazi ya soshali. Ndivyo sisi tunavyowaita, wale wa ofisi ya manispaa wanaokuja kuuliza mtoto anaishije. Kanisani kwetu neno hilo husemwa kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa uliowahi kuua mtu wa ukoo. Tangu ulipopata barua ya chuo watu wananiuliza, na mimi nimekuwa nikiwajibu vibaya. Nitafika huko. Nianze na mwaka ule wa dirisha.

Ulikuwa na miaka tisa, mimi ishirini na sita. Kwenye basi watu walidhani mimi ni dada yako mkubwa, nawe ulipenda, uliniambia nisiwakatalie. Ndio mwaka niliopata kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, zamu ya jioni, tangu saa tisa mchana mpaka saa tatu usiku. Nilikuwa nimeitafuta miaka miwili. Baba yako alibaki Kigoma, alikuwa ameshaoa. Ndugu hapa hatukuwa nao. Wewe ulitoka shule na ufunguo shingoni, ukaingia ndani peke yako.

Siku zile simu zetu zilijaa jumbe za sauti za watu. Mama mmoja wa Skärholmen kanyang'anywa watoto watatu, eti kwa kofi moja. Baba mmoja wa Hallonbergen kaenda kazini, karudi, nyumba tupu. Hakuna aliyemjua mama yule wala baba yule. Kila mtu alimjua mtu anayewajua. Nilizisikiliza zile sauti kwenye treni kama watu wanavyosikiliza habari za vita, na mwili wangu vita unavijua, haukusubiri kuuliza.

Nikakuwekea sheria. Usifungue mlango. Usiende dirishani. Usiwashe taa mpaka nirudi, kwa sababu yule mzee wa jengo la mbele akiona taa na kichwa kimoja kidogo atajua mtoto yuko peke yake, atapiga simu. Na Desemba hapa jua linazama saa tisa. Ulikaa gizani saa sita, siku nne kwa wiki. Nilikuachia tableti, nimeipunguza mwanga, na blanketi la kujifunika nayo. Nilijiona nina akili. Nikakufundisha na jibu: mtu yeyote shuleni akikuuliza habari za nyumbani, sema kwa Kiswidi "allt är bra", mambo yote mazuri. Nikakufanyisha mazoezi, mimi nikiwa mwalimu. Ukijibu haraka nilikwambia, "Hapana mama, jibu kama mtu asiyejali."

Na mimi saa hizo nilikuwa wapi? Nilikuwa nawasha taa za watu.

Nilikuwa na wazee wanane kwa jioni moja, wa mwisho Gunvor. Wewe ulikuja kumjua baadaye, lakini wakati ule alikuwa kwangu jina tu kwenye orodha: mwanamke wa miaka themanini na kitu, mwembamba, mwenye ulimi. Nilipewa dakika kumi na tano. Dawa, nguo za kulala, mkate, choo, halafu kuandika kwenye simu ya kazi kwamba nimemaliza. Lakini Desemba yeye alitaka ile nyota ya Krismasi, ya karatasi yenye taa ndani, iwashwe dirishani kabla ya dawa. "Watu wakiona giza watadhani nimekufa," alisema. Basi nikawasha nyota ya Gunvor, akanishukuru, na mwanangu yuko chini ya blanketi vituo viwili tu kutoka pale.

Jioni moja akaniuliza, "Una mtoto?"

"Ninaye. Wa kike."

"Sasa hivi yuko na nani?"

"Na dada yangu."

"Dada yako anaitwa nani?"

Dada sikuwa naye, jina nitalitoa wapi? Nikasema, "Lidia."

"Na mtoto?"

"Lidia pia."

Akatafuna mkate wake akiniangalia. "Kwenu majina ni ya shida," akasema.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wako aliwapa kazi, kila mtoto achore dirisha la kwao wakati wa Krismasi. Wenzako wakachora nyota na mishumaa. Wewe ukachukua rangi nyeusi ukajaza karatasi yote. Mwalimu akakuuliza, ukamjibu: Mama anasema tusiwashe mpaka arudi. Hukusema uongo, wala hukusema vibaya. Ulichora ulichokuwa unakiona.

Baadaye nilisimama uwanjani nikalitazama jengo letu. Kila dirisha lina nyota, ghorofa zote, letu tu jeusi kama pengo la jino. Nilikuficha mahali ambapo kila mtu angekuona.

Mwalimu akawaarifu soshali, na barua yao ilipofika sikuisoma yote. Niliona jina lako na jina la shule, nikaingia jikoni na viatu miguuni. Ulikuwa unakula.

"Umesema nini shuleni?"

"Nilichora tu."

"Unataka wakuchukue? Unataka kunipoteza mimi?"

Ukakiweka kijiko mezani taratibu, kisitoe sauti. Ukasema, "Förlåt, mamma." Nisamehe, mama.

Lidia, ni hapo. Yapo mengine mengi niliyokosea na sitayataja, mengine ni ya kuchekesha, lakini hilo sijawahi kulicheka. Mtoto wa miaka tisa amesema nyumbani kuna giza, na mama yake akamfanya aombe radhi. Sikukwambia, "Hapana, si wewe." Nilikwambia, "Usirudie."

Na wewe hukurudia.

Unakumbuka lile begi la kijani? Nilikwambia tunakwenda kumsalimia bibi Kigoma, ukaruka kitandani mpaka chaga ikavunjika. Haikuwa safari ya kusalimia. Wanawake wa kanisani walinishauri nikupeleke kwa bibi yako kabla soshali hawajakufikia, na mimi nilikuwa nakwenda kukuacha huko. Nilifunga nguo zako zote, hata za baridi, nguo za baridi Kigoma! Halafu nikampigia bibi yako kumwambia ajiandae.

"Unamleta mtoto kumficha nani asimwone?" akauliza.

"Watu wa serikali, mama."

"Wana bunduki?"

"Hawana."

"Mapanga?"

"Mama, hapana. Wana karatasi."

Nikasikia kile kicheko chake cha puani. "Mimi nilikubeba mgongoni siku tatu kutoka Makamba kwa sababu ya watu wenye bunduki. Wewe unakimbia karatasi. Umeisoma?"

"Sijaimaliza."

"Imalize kwanza, ndipo ukimbie."

Nikaimaliza. Nilitumia jioni nzima, na simu ya kutafsiria mkononi. Ilisema: tunakukaribisha kwa mazungumzo.

Nikaenda. Afisa mwenyewe alikuwa msichana tu, Annika, huenda alikuwa mdogo kuliko mimi, soksi zake za rangi mbili tofauti. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti ya mwanaume, Kiswahili cha Bukavu chenye Kifaransa ndani yake. Na mimi nikaamini kabisa kwamba huyu ni yule mwimba besi wa kwaya ya Wakongo tulioimba nao Pasaka, na kwamba Jumapili habari zangu zitakuwa zimefika kanisani kabla yangu. Basi nikabana sauti asinitambue. Fikiria, mama yako mbele ya serikali, anaongea kama panya.

"Mama, sikusikii," mkalimani akasema. "Ongea vizuri, mimi nimeapa kutunza siri za watu."

"Kila kitu kiko sawa," nikasema.

"Annika anauliza kama mtoto huwa peke yake jioni."

"Kila kitu kiko sawa."

Annika hakukasirika. Alisema anaweza kuzungumza na bosi wangu kuhusu zamu ya mchana. Alisema shule ina nafasi ya watoto kukaa mpaka jioni. Alisema kuna familia za kujitolea ambazo mtoto huenda kwao mwisho wa wiki, mama apumzike. Mkalimani alipofika kwenye "mtoto kwenda kwa familia nyingine" masikio yangu yaliziba, sikusikia tena. Nilikataa yote, moja baada ya jingine, kwa adabu, kama mtu anayekataa chai.

Wewe walikuuliza peke yako chumba cha pili. Ukajibu kama nilivyokufundisha. Baada ya wiki kadhaa wakaandika kwamba wamefunga shauri. Jumapili nikasimama kanisani nikashuhudia kwamba Mungu ametushindia, watu wakapiga makofi na vigelegele. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu umeweka mikono chini ya mapaja. Nikakuhamisha na shule, nisimwone tena yule mwalimu. Ulimlilia siku nyingi. Nilikwambia ni yeye aliyetutafutia shida. Hapo nilikuwa nimeshakutwika mara mbili: kwanza kwamba ulinisaliti, pili kwamba aliyekusikiliza ni adui.

Na yule mwimba besi, nilikuja kugundua, anaishi Göteborg na hajawahi kuwa mkalimani. Anauza matairi.

Taa tuliwasha kuanzia hapo, hilo ulilipata. Lakini peke yako ulibaki miaka mitatu zaidi. Na unajua zamu ya mchana niliipata vipi? Niliiomba. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Niliingia ofisini kwa bosi, nikasema nina mtoto, nataka zamu ya mchana, nikisubiri anifukuze. Akaangalia kompyuta yake, akasema, "Kuanzia mwezi ujao. Mbona hukusema mapema?" Nilitoka nikakaa ngazini. Sikulia kwa furaha kama nilivyokwambia.

Siwezi kukuambia kwamba watu wa ofisi zile hawakosei. Hilo nililijua kwa Gunvor, siku nilipomwambia ukweli kwamba sina dada. Yeye hakushtuka, alisema alijua tangu wale Lidia wawili. Akaniambia habari yake, ambayo labda hakukusimulia wewe kwa sababu ulikuwa mdogo. Alichukuliwa kutoka kwa mama yake akiwa na miaka sita, akapelekwa shamba moja huko kusini. Mama yake alikuwa mlevi na nyumba haina chakula. Shambani alipata chakula, na alifanyishwa kazi kama punda, na hakuna aliyekuja kumuuliza anaishije, miaka kumi. Nikamuuliza, "Sasa walifanya vema au vibaya?"

"Wangemhurumia mama yangu tungekufa wote wawili," akasema. "Na wangekuja kunitazama hata mara moja tu, nisingelala na ng'ombe."

Nikamuuliza tena, kwa sababu nilitaka jibu moja. Akanionyesha saa ya ukutani. "Dakika zako zimekwisha. Nenda kwa mtoto wako."

Tangu siku hiyo nikawa nakuleta kwake Jumamosi, kinyume cha sheria za kazi, mkacheza karata na akakuibia waziwazi. Alipofariki ulilia kuliko watoto wake.

Sasa nifike kwenye mkono wako. Miaka kumi na minne. Ulianguka kwenye michezo shuleni, mfupa wa kifundo cha mkono ukapasuka, ukakaa nao siku mbili. Siku mbili, Lidia, unavaa sweta la mikono mirefu, unakula kwa mkono wa kushoto na mimi naona, nasema moyoni, vijana wana mambo. Kazi yangu ni kutazama miili ya watu. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeandika kwenye simu ya kazi kwamba mzee fulani ana alama ya bluu ukubwa wa shilingi kwenye goti, ifuatiliwe. Mtoto wangu mwenyewe mkono umevimba ndani ya sweta.

Hospitali, tukisubiri picha, nilikuuliza kwa nini hukusema. Ukajibu bila kuniangalia, "Muuguzi wa shule angeandika. Kisha wangekuja tena. Mara ya kwanza ilikuwa kosa langu."

Nilifungua mdomo. Nikauliza kama umekula.

Hii ndiyo barua ya siku ile. Imechelewa miaka mitano.

Na bado sikujifunza, maana ulikuja ule mkutano wa mwezi wa tano, hapa chini maktaba. Uchaguzi unakaribia, wanasiasa wanaletwa mpaka kwetu, kahawa ya bure na vile vikeki vya mdalasini. Yule mwanaume mwenye koti la mvua alisema watoto kwanza: sheria ya kulinda watoto ikazwe, ofisi zisisubiri, na mtoto aliyechukuliwa asirudishwe mapema. Yule mwanamke mwenye miwani akasema sawa, lakini pesa mnazitoa wapi, huku huduma ya wazee inakatwa na watu wanalazwa saa kumi na mbili jioni kwa sababu hakuna wa kuwalaza baadaye. Wakavutana hivyo saa nzima, watoto upande huu, wazee upande ule, kama watu wanaogombania shuka fupi. Mimi niliwasikiliza nikaona wanazungumza maisha yangu wameyakata vipande viwili. Kwangu vilikuwa zamu moja. Kama Gunvor angekuwa na watu wawili wa kumlaza, mimi ningekuwa nyumbani. Nilitaka kulisema hilo. Nikaanza kuipanga sentensi kwa Kiswidi.

Ndipo Baba Kevin akasimama, yule mzee wetu wa kanisa anayeendesha basi. "Ninyi bishaneni," akasema. "Sisi tunaogopa. Mnatuchukulia watoto." Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Na wewe ukasimama pembeni yangu, umevaa ile jaketi ya jinzi, ukasema kwa Kiswidi safi mpaka yule wa miwani akaacha kuandika: "Mwezi wa nane naanza kusomea kazi hiyo. Nilipokuwa na miaka tisa mimi..."

Nikakuvuta jaketi. Ukakaa.

Hukumaliza. Tulipanda ngazi mpaka nyumbani, ukaingia chumbani, ukafunga mlango bila kuubamiza. Nimekaa majira yote ya joto nikijiuliza sentensi ile ilikuwa inakwenda wapi. Labda ulikuwa unakwenda kunitaja. Labda ulikuwa unakwenda kunitetea. Nilikuvuta bila kujua lipi, mkono wenyewe ulikwenda.

Jumapili iliyofuata Mama Kevin akanishika mlangoni mwa kanisa. "Mama Lidia, kumbe binti anakwenda kusomea kunyang'anya watu watoto?"

"Ujana tu," nikamjibu. "Atabadilika."

Nilikukana, mwanangu. Mlangoni mwa kanisa, nimevaa gauni lile ulilonichagulia wewe.

Jumatatu yake nikaenda manispaa. Nilikuwa nimesikia kazini kwamba mtu anaweza kuomba kusoma jalada lake la zamani. Nikaomba letu. Safari hii nilitumia sauti yangu mwenyewe. Wiki tatu baadaye wakanipa, karatasi kumi na moja. Nimezisoma kwa wiki mbili, kwenye treni ya asubuhi, ndiyo maana ulikuwa ukiniuliza kwa nini nimeanza kuvaa miwani.

Nilitegemea kukuta tumeandikwa vibaya. Mwalimu wako ameandika kwamba wewe ni mtoto mchangamfu, msafi, unapenda kusoma kwa sauti, na kwamba ana wasiwasi kwa sababu unakaa peke yako gizani. Basi. Hakuna hata neno moja la kunitukana. Annika ameandika, "Mama anampenda sana mtoto na anaogopa sana." Alikuwa ameniona! Nilibana sauti yangu yote ile bure.

Na wewe umo. Ukurasa wa saba. Annika ameandika ulisema kila kitu ni kizuri nyumbani. Halafu akakuuliza, kama kuna kitu kimoja kingeweza kubadilika, ungetaka kipi? Ukasema: "Mama awe na kazi inayokwisha saa tisa."

Nilipitiliza kituo changu asubuhi hiyo. Nilichelewa kwa mzee wa kwanza, nikamwambia sababu, akanipa pipi.

Unaona, Lidia? Hukunisaliti. Hata ulipokuwa umefungwa mdomo na mimi, ulikuwa ukiniombea zamu. Ungesikilizwa, tungepata miaka mitatu. Aliyekuzuia kusikilizwa si soshali, si mwalimu, si wewe. Ni mimi, na nilikuwa naogopa, na kuogopa kwangu kulikuwa na sababu zake za zamani ambazo wewe hukuzileta duniani. Naomba unisamehe. Nimeliandika kwa herufi kubwa kwanza, nikalifuta, likawa linapiga kelele. Naomba unisamehe.

Na Mama Kevin nimemrudia. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nikamwambia, "Lile jibu langu lilikuwa baya. Binti yangu anakwenda kusomea soshali, na ndiye ningependa aje kwangu kama ningekuwa na shida." Akanitazama kama nimelewa. Kisha akaniuliza, chini chini, kama wewe ukishamaliza utakuwa unaruhusiwa kuwashauri watu hata kwa simu. Kuna jambo la mjukuu wake. Sikuuliza zaidi. Nilimwambia miaka ni mitatu na nusu, asisubiri, kuna wengine leo hii, na kama anaogopa mimi nitakwenda naye.

Kwa hiyo mimi nina matumaini, mama. Sijui huo uchaguzi utampa nani shuka. Sijui sheria itakuwaje utakapoanza kazi, huenda ikawa kali, huenda utaombwa kufanya mambo yatakayokunyima usingizi, na wengine watakuita majina, wengine wa kwetu. Sina ushauri wa hayo, sikuwahi kukaa upande ule wa meza. Nimekaa upande huu tu. Ukifika nyumba ambayo mama anakataa kila kitu kwa adabu, mimi nimeshakwambia ndani yake kukoje.

Umebaki muda mfupi, nasikia treni, labda ndiyo yako. Neno la mwisho.

Watu huandika barua za namna hii ili zisomwe safari ikishaanza. Mwandishi yuko salama nyumbani, msomaji analia peke yake kwenye kiti cha dirishani, na hakuna wa kujibiwa. Nilitaka kufanya hivyo. Nilikuwa nimeshapanga kuitia ndani ya begi, katikati ya taulo. Lakini hiyo ingekuwa ni kukunyamazisha tena, safari hii kwa upole.

Kwa hiyo asubuhi utaikuta mezani. Treni yako ni saa saba mchana, mimi nimeomba ruhusa kazini. Isome hapa hapa, nikiwepo. Neno likikushinda niulize. Ukikasirika, kasirika, una muda wa kutosha na mimi sina pa kwenda. Karatasi kumi na moja ziko chini ya barua, ni zako, ukitaka kwenda nazo au kuziacha. Sitakuuliza kama umekula. Nitakuwa jikoni, mlango wazi, nakusubiri useme.

Mama yako